Msamaha kwa Wahamiaji Wasio na Hati Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasomaji wa Uganda

Kila habari za uhamiaji wa Marekani zinaposomwa redioni, maswali yaleyale huanza upya Kampala, Arua, Mbarara na Bweyale, kwa sababu ni nadra kukuta ukoo mkubwa usiokuwa na mtu aliyekwenda kyeyo, yaani kutafuta kazi ughaibuni. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu mjadala wa kisiasa wenyewe, yaani kwa nini Wamarekani wamebishana juu ya jambo hili kwa karibu miaka 40 bila kulimaliza. Hayachukui nafasi ya wakili.

Neno "msamaha" katika mjadala huu lina maana gani?

Mganda akilisikia neno hili katika siasa, hukumbuka kwanza Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, ambayo kwayo waasi zaidi ya 26,000 walioweka silaha chini, karibu nusu yao wa kundi la LRA, walipewa vyeti na kurudi makwao bila kushtakiwa. Walioko nchi za Ghuba, au waliowahi kufanya kazi huko, hukumbuka jambo jingine kabisa: ule muda wa miezi michache ambao serikali hutangaza kwamba aliyepitiliza viza yake anaweza kujitokeza akafutiwa faini, kama Umoja wa Falme za Kiarabu ulivyofanya kuanzia Septemba hadi Desemba 2024. Msamaha wa namna hiyo humruhusu mtu kuchagua kati ya kutengeneza karatasi zake na kuondoka bila kupigwa marufuku kurudi, na wengi huondoka.

Katika siasa za Marekani maana ni ya tatu. Msamaha huko ni sheria inayomruhusu mtu aliyeingia bila idhini, au aliyebaki baada ya viza kwisha, kukaa nchini kihalali na hatimaye, mara nyingi, kuomba uraia. Ndani yake mna mambo mawili yanayochanganywa mno: kutoadhibiwa kwa kosa lililopita, na kupewa hadhi mpya. Mtu anaweza kuunga mkono la kwanza akalikataa la pili, na wabunge wengi wamesimama hapo katikati.

Wasio na hati ni akina nani, na ni wangapi?

Hakuna sensa inayowauliza watu kama wana hati, kwa hiyo idadi zote ni makadirio. Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria watu wapatao milioni 12 mwaka 2007 na milioni 14 mwaka 2023. Sehemu kubwa ya watu hao hawakuruka ukuta wowote. Walishuka katika uwanja wa ndege wakiwa na viza ya utalii, ya masomo au ya kazi, kisha siku zikapita. Waganda wengi walio katika hali hii ni wa kundi hilo la pili, kwani kutoka Entebbe hadi mpaka wa Mexico hakuna njia ya mkato.

Tofauti hii ina uzito kisheria. Kuvuka mpaka kwa kukwepa maafisa ni kosa la jinai, ingawa dogo kwa mara ya kwanza, ilhali kupitiliza viza peke yake ni ukiukaji wa kanuni za kiraia unaoweza kumfanya mtu aondolewe nchini lakini usiompeleka jela kwa hukumu. Wanasiasa wanaosema "wote ni wahalifu" na wale wanaosema "hakuna aliyevunja sheria" wote wawili wanakosea.

Kwa nini kila mjadala hurudi mwaka 1986?

Kwa sababu mwaka huo ndio jaribio lilifanyika kweli, na kila upande unalisoma jaribio hilo kwa namna yake. Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan, wa chama cha Republican, alitia saini sheria iliyokuwa imetayarishwa na Seneta Alan Simpson wa chama chake na Mbunge Romano Mazzoli wa chama cha Democratic. Ilikuwa biashara ya kubadilishana. Upande mmoja, waliokuwa wameishi nchini mfululizo tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982 wangepewa ukaazi, pamoja na wafanyakazi wa mashambani waliokuwa wamefanya kazi kwa siku 90 katika mwaka mmoja. Upande wa pili, kwa mara ya kwanza, ingekuwa kosa kwa mwajiri kumwajiri mtu asiye na kibali. Hesabu ilikuwa rahisi: wasamehewe waliopo, kisha kazi zifungwe ili wengine wasije.

Nusu ya kwanza ilitekelezwa. Maombi ya kundi kuu yalipokelewa kuanzia Mei 1987 hadi Mei 1988. Mwombaji alilipa ada ya dola 185, akaonyesha stakabadhi za kodi ya nyumba, hati za mshahara, barua za kanisa au za mwajiri, chochote cha kuthibitisha kwamba alikuwepo. Huku kwetu tungesema alihitaji barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ila kwao hakuna mwenyekiti wa LC1, na mtu aliyekuwa ameishi kwa kujificha kwa miaka mitano alitakiwa ghafla kuthibitisha kwamba alionekana. Alipewa kwanza ukaazi wa muda, baadaye wa kudumu baada ya kuonyesha kwamba anajifunza Kiingereza na historia ya nchi. Watu wapatao milioni 2.7 walipata hadhi hiyo.

Nusu ya pili ilivunjika mapema. Sheria ilimwadhibu mwajiri aliyemwajiri mtu "kwa kujua", na mwajiri alitakiwa tu kutazama karatasi zinazoonekana kuwa halali. Karatasi zinazoonekana kuwa halali zikawa bidhaa sokoni. Mwajiri alijaza fomu, akaihifadhi kabatini, akaendelea na kazi. Zaidi ya hapo, Bunge halikufungua njia ya kutosha kwa wafanyakazi wa kawaida wa miaka ijayo, na uchumi wa miaka ya 1990 uliwahitaji kwa mamilioni katika ujenzi, mahoteli na mashamba ya mboga. Walikuja. Hawakuwa na foleni ya kusimama, kwa hiyo walikuja bila foleni.

Mimi naona kwamba hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Wapinzani husema 1986 inathibitisha kwamba msamaha huzaa wahamiaji wapya, na watetezi husema inathibitisha kwamba msamaha bila njia halali ya baadaye ni dawa ya kutuliza maumivu tu. Ushahidi unawaelemea wa pili zaidi, lakini wa kwanza wana jambo moja wasiloweza kunyang'anywa: waliahidiwa utekelezaji, na hawakuupata. Aliyeuziwa ng'ombe wawili akaletewa mmoja hawezi kulaumiwa akidai safari nyingine aletewe yule wa pili kwanza.

Kwa nini wanasiasa hulikimbia neno lenyewe?

Mwaka 1984, katika mdahalo wa televisheni dhidi ya Walter Mondale, Reagan alisema waziwazi kwamba anaamini katika msamaha kwa wale waliokwisha kujenga maisha nchini. Leo ni vigumu kumpata mwanasiasa wa chama chake anayeweza kuitamka sentensi hiyo akashinda kura za mchujo. George W. Bush, alipousukuma mswada wa mwaka 2007 wa kuwahalalisha wasio na hati, alisisitiza kwamba haukuwa msamaha kwa kuwa ulikuwa na faini. Mwaka 2014 Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi, aliangushwa katika mchujo wa jimbo lake na mhadhiri asiyejulikana aliyemshutumu kwa kuelekea kwenye msamaha, na funzo hilo halikuhitaji kurudiwa.

Kwa hiyo maneno mengine yamezaliwa: "kuhalalishwa", "njia ya kuelekea uraia", "hadhi inayopatikana kwa kuistahili". Mswada uliowasilishwa Julai 2025 na María Elvira Salazar wa Republican na Veronica Escobar wa Democratic unatumia neno "heshima". Ungewapa waliokuwepo kabla ya mwisho wa 2020 ruhusa ya kukaa na kufanya kazi kwa miaka saba, kwa kulipa dola 7,000 kidogokidogo, bila njia ya kufikia uraia. Salazar anasema huo si msamaha. Wapinzani wake ndani ya chama wanasema ni msamaha uliovishwa kanzu. Msomaji asihangaike na jina. Atazame mtu anapewa nini, kwa muda gani, na anaweza kunyang'anywa na nani.

Je, wanaopinga wana hoja za maana, au ni chuki tu?

Chuki ipo, na hakuna haja ya kuificha, lakini hoja zipo pia. Ya kwanza ni ya haki kati ya wahamiaji wenyewe: mtu aliyejaza bahati nasibu ya viza kila mwaka akiwa Jinja au Fort Portal, akakataliwa, akabaki nyumbani kwa kuheshimu sheria, ataambiwa nini akiona aliyepitiliza viza anapewa kadi ya kijani, yaani hati ya ukaazi wa kudumu? Hoja hii sisi tunapaswa kuielewa kuliko Wamarekani, maana waliobaki ni sisi. Udhaifu wake ni kwamba kwa mfanyakazi wa kawaida asiye na ndugu raia wala shahada kubwa, foleni inayosemwa karibu haipo.

Ya pili ni ya mishahara. Vyama vya wafanyakazi viliwahi kuhofia kwamba waajiri hutumia watu wasio na hati kushusha ujira, na ndiyo maana shirikisho kubwa la vyama hivyo, AFL-CIO, liliunga mkono adhabu kwa waajiri mwaka 1986. Mwaka 2000 shirikisho hilo liligeuka likadai msamaha, likisema kwamba anayeshusha ujira wa wote ni mfanyakazi asiyeweza kulalamika. Inafaa kukumbuka mgeuko huu kila tunapoambiwa kwamba ugomvi ni wa chama kimoja dhidi ya kingine.

Na wanaounga mkono wanasemaje?

Husema kwamba watu hawa tayari ni sehemu ya nchi. Wana watoto ambao ni raia kwa kuzaliwa, wana nyumba, na wanalipa kodi: taasisi moja ya utafiti wa kodi, ITEP, ilikadiria kwamba mwaka 2022 walilipa dola bilioni 96.7, zikiwamo michango ya pensheni ambayo wengi wao hawataruhusiwa kuichukua. Husema pia kwamba kuwaondoa watu milioni kumi na kitu kungehitaji misako ya kila mtaa kwa miaka mingi na kungeacha mashamba bila wavunaji.

Hoja yao yenye nguvu zaidi, kwangu, haihusu fedha. Mtu aliyekaa miaka 25 bila hadhi ameshahukumiwa kifungo cha aina yake: hakuja kumzika mama yake Masaka, kwa sababu angetoka asingeingia tena. Nchi inayoendelea kumwajiri na kupokea kodi yake bila kumtambua wala kumwondoa imekwisha kuamua, ila haitaki kuandika.

Kwa nini sheria haipiti ikiwa wengi wanaitaka?

Bunge letu lina chumba kimoja. Lao lina viwili, na katika Seneti mswada huhitaji kwa kawaida kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe. Mswada wa Bush ulikwama hapo Juni 2007. Mswada wa vijana walioletwa wakiwa watoto, uliowasilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, ulipata kura 55 Desemba 2010, ukafa kwa kukosa tano. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32 mswada mpana uliotoa njia ya uraia ya miaka 13 na kuongeza maelfu ya walinzi wa mpakani. Spika John Boehner hakuuleta kabisa mbele ya Baraza la Wawakilishi, kwa sababu wengi wa wabunge wa chama chake hawakuutaka, ingawa huenda ungepita kwa kura za vyama vyote viwili.

Je, mpango wa DACA ni msamaha?

Hapana. Uliotangazwa na Rais Barack Obama tarehe 15 Juni 2012 ni uamuzi wa serikali kuahirisha kuwaondoa vijana walioingia kabla ya kutimiza miaka 16 na waliokuwepo tangu Juni 2007, na kuwapa kibali cha kazi kinachohuishwa kila baada ya miaka miwili. Zaidi ya watu 800,000 wamepitia mpango huo. Hautoi ukaazi wa kudumu. Serikali ya Donald Trump ilijaribu kuufuta mwaka 2017, Mahakama ya Juu ikauzuia ufutaji huo mwaka 2020 kwa kura 5 dhidi ya 4 kwa sababu ya utaratibu mbovu uliotumika, na tangu hapo kesi zimeendelea Texas huku waombaji wapya wakibaki nje. Aliyekuwa kijana mwaka 2012 sasa ni mzazi, bado anahesabu miaka miwili miwili.

Rais hawezi kuwasamehe wote kwa saini yake?

Swali hili huulizwa sana na watu waliozoea marais wenye saini nzito. Katiba ya Marekani inampa rais uwezo wa kusamehe makosa dhidi ya serikali kuu, na Jimmy Carter aliutumia Januari 1977 kuwasamehe waliokwepa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Lakini kukosa hadhi ya uhamiaji si hatia ya jinai ya kufutwa. Ni kutokuwa na kitu ambacho Bunge pekee linaweza kukitoa. Obama alipojaribu mwaka 2014 kuwapanulia wazazi wa raia ahueni kama ya DACA, mahakama zilimzuia, na Juni 2016 Mahakama ya Juu iligawanyika 4 kwa 4, zuio likabaki.

Je, kuna njia isiyo ya kelele?

Ipo, na haizungumzwi vya kutosha. Tangu mwaka 1929 sheria ya Marekani ina kifungu kinachomruhusu mtu aliyeishi nchini tangu tarehe fulani kusajiliwa kama mkaazi wa kudumu, iwapo tabia yake ni njema. Bunge lilikuwa likiisogeza tarehe hiyo mbele mara kwa mara. Mara ya mwisho ilikuwa 1986, ilipowekwa 1 Januari 1972, na imesimama hapo hadi leo. Aliyeingia mwaka 1971, Amin alipotwaa madaraka, anaweza kusajiliwa, na aliyeingia mwaka uliofuata hawezi.

Katiba yetu ya 1995 ina kifungu cha jamii hiyo. Ibara ya 12 inampa haki ya kusajiliwa kuwa raia mtu aliyezaliwa Uganda na kuishi humu mfululizo tangu 9 Oktoba 1962, mradi wazazi wake, babu zake na bibi zake hawakuwa wanadiplomasia wala wakimbizi. Majirani wamekwenda mbali zaidi: Tanzania ilitangaza mwaka 2014 uraia wa tajnisi kwa Warundi zaidi ya 162,000 wa kundi lililokimbia mauaji ya 1972, na Kenya ilianza mwaka 2016 kuwatambua Wamakonde waliokuwa wamekaa Kwale kwa vizazi bila kitambulisho.

Mkataba wa Uganda na Marekani wa 2025 unahusianaje na haya?

Agosti 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza kwamba Uganda imekubali kupokea watu wa nchi nyingine ambao Marekani haitawapa hifadhi lakini wanaosita kurudi kwao. Masharti yaliyotajwa yalikuwa kwamba wasiwe na rekodi ya uhalifu, wasiwe watoto wasio na wazazi, na kwamba Uganda ingependelea watu wa nchi za Afrika. Mkataba huu ni uso wa pili wa mjadala wa msamaha: nchi ambayo haikukubaliana jinsi ya kuwahalalisha watu huishia kutafuta mahali pa kuwapeleka. Haumhusu Mganda asiye na hati, ambaye Uganda ingempokea hata bila mkataba.

Dada yangu yuko Waltham, Marekani, na viza yake ilikwisha. Arudi nyumbani asubirie msamaha huku?

Asiamue kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Kwa sheria ya 1996, aliyekaa bila hadhi kwa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka mitatu, na aliyezidisha mwaka mmoja, miaka kumi. Zaidi ya hapo, misamaha inayojadiliwa huwahusu walioko ndani ya Marekani.

Kuna mtu mjini anaandikisha majina ya msamaha kwa ada. Ni kweli?

Si kweli. Hakuna sheria mpya ya msamaha iliyopitishwa, kwa hiyo hakuna fomu, na kisichokuwa na fomu hakina ada. Hata kwa msamaha wa 1986 maombi yalipokelewa Marekani baada ya sheria kutiwa saini, si Kampala kabla yake.

Nikisikia mswada mpya umewasilishwa, nitazame nini?

Tazama kwanza tarehe ya ukomo, yaani mtu alitakiwa awe ameingia kabla ya siku gani, kwa kuwa ndiyo inayokata watu wengi kuliko sharti jingine lolote. Tazama kama familia zimo: mwaka 1986 wake na watoto waliofika baada ya 1982 waliachwa nje, na Bunge likalazimika kuwashughulikia mwaka 1990. Tazama kama kuna njia halali kwa watakaokuja kesho. Kisha hesabu kura 60 za Seneti, jina kwa jina, kabla ya kumpigia dada simu.